Ndama wa Ng'ombe wa Unga

Mdogo wangu wa kike alisoma akawa mwalimu kwa sababu ya ng'ombe ambaye hakuwahi kuwepo. Nikiwaambia wajukuu hivyo hutazamana, halafu mmoja huuliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha. Nimekunywa. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu, na kama hayana akili, kosa si langu. Waliohusika wote walikuwa watu wazima, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto.

Kwetu ni upande wa Ibadakuli, nje ya mji wa Shinyanga, na ninazungumzia miaka ya hamsini, Waingereza walipokuwa bado wanatupangia saa ya kuamka. Mwaka ule mvua ilikataa. Surua nayo ilipita shuleni kwetu, na ilipofika nyumbani ilimwachia mdogo wangu uhai lakini haikumwachia nyama. Alikuwa darasa la kwanza, mimi la tatu. Ugali wa uwele ulimshinda kumeza, michembe ya viazi vikavu aliitema, uji aliutazama tu. Kitu pekee alichoomba ni maziwa, na maziwa ndiyo ambayo hatukuwa nayo. Baba alikuwa na ng'ombe wa kutosha kumfanya atembee polepole mbele za watu, lakini kiangazi kile kaka zetu walikuwa wamewahamishia mbugani mbali sana, na waliobaki zizini walikuwa vizee vitatu vilivyokauka viwele. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni kwenda shule kila asubuhi, kwa sababu mtoto yule hakulilia njaa, alililia shule. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," mama alisema, ingawa nundu yenyewe ilikuwa ikipungua kila wiki.

Ndipo siku moja likaja lori limebeba mapipa. Akashuka Bwana Afya, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye soksi ndefu na Kiswahili cha kuteleza. Wazazi wakaitwa shuleni. Akafungua pipa, akachota unga mweupe, akaumimina kwenye sufuria ya maji ya moto, akakoroga, akachota kikombe kimoja akanywa.

"Maziwa," alisema, akajifuta mdomo. "Kila mtoto kikombe kimoja, kila asubuhi. Bure."

Neno bure liliwashtua wazee kuliko unga. Akasimama jirani yetu mmoja, aliyekuwa msemaji wa kijiji kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na hakuwa na kazi. Akauliza swali ambalo Msukuma yeyote angeuliza.

"Ng'ombe mwenyewe ana rangi gani?"

Bwana Afya alidhani hakusikia vizuri. Mwalimu mkuu, mtu wa Bukoba aliyejua ndizi kuliko mifugo, akamrudia lile swali kwa Kiswahili, polepole.

"Ni ng'ombe wengi," akasema Bwana Afya. "Wako ng'ambo."

"Wa nani?"

"Wa watu wa dunia nzima. Wamechanga kwa ajili ya watoto."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wajukuu zangu nao hawajui. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote zizini mwake. Humpelekea rafiki au jirani amfugie baadhi, ili ugonjwa ukija usiwamalize wote mahali pamoja. Masharti aliyajua hata mtoto anayenyonya: anayefuga hunywa maziwa, na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, mfugaji hupeleka ngozi na paja kwa mwenyewe, ili ionekane kwamba kweli amekufa na hakuuzwa. Mwenyewe anaweza kukaa kimya miaka na miaka, akafa, halafu asubuhi moja mjukuu wake akatokea na fimbo begani, akasema, "Nimekuja kuchukua ndama wa babu." Kila ukoo ulikuwa na kesi ya namna hiyo. Kwa hiyo wazee hawakuona msaada pale. Waliona wameletewa ng'ombe wa dunia nzima wamfuge, bila kumwona na bila kuulizwa, na kwamba siku moja wajukuu wa dunia nzima watakuja na fimbo begani.

Wazazi wengine waliwakataza watoto wao kabisa. Wengine waliruhusu nusu kikombe, wakiamini kwamba kwa nusu kikombe hakuna anayeweza kudai ndama mzima. Mwanafunzi mmoja aliambiwa na babu yake anywe lakini asimeze, na alijitahidi kweli, maskini, tukamwona amesimama uani mashavu yamejaa hadi kengele ikalia. Mimi baba alinikataza. "Wewe ni mzima," aliniambia. "Usinifungulie kesi." Lakini mdogo wangu alikuwa anakwisha, na kila mama alipomfunga mgongoni asubuhi, baba alipata jambo la kutazama upande wa pili wa zizi.

Alikunywa. Wiki ya kwanza aliweza kukaa bila kuegemea ukuta. Wiki ya pili nilimtania, akaning'ata kidole, na sijawahi kufurahia kung'atwa kama siku ile. Nilikwenda kumwonyesha mama alama za meno.

Wazee nao hawakupoa. Kila siku walimfuata mwalimu mkuu wakitaka kuonyeshwa ng'ombe, mpaka akachoka. Asubuhi moja alichukua chaki akamchora ng'ombe kwenye ubao wa darasa la pili, akajaza ubao wote. "Huyo hapo," akasema. "Mweupe. Mtazameni mpaka mridhike." Alidhani anafanya mzaha. Wazee walivua kofia wakaingia darasani mmoja mmoja, wakamkagua. Mmoja alisema mguu wa nyuma una kasoro. Mwingine alisema kiwele kinaridhisha lakini pembe zile si za Kisukuma. Msemaji akauliza kama ana mimba, na mwalimu, kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akajibu kwamba labda. Ile labda walibishania mpaka mchana. Tangu siku hiyo darasa la pili likawa halina ubao, kwa kuwa kila asubuhi mzee mmoja alikuja kumjulia hali ng'ombe, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumfuta.

Aliyemfuta alikuwa mwalimu mgeni wa hesabu, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemweleza habari za ng'ombe. Aliingia darasani, akaona mchoro, akashika kitambaa, akaandika hesabu za mara saba. Mzee wa zamu alipofika alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akatoka uani akawaambia wenzake neno moja.

"Kafa."

Usidhani walihuzunika. Walikuwa wametafuta mlango wa kutokea tangu siku ya lori, na sasa mlango umefunguka wenyewe. Ng'ombe akifa, kazi ya mfugaji imekwisha, mradi ngozi imfikie mwenyewe. Ilibaki kupata ngozi. Msemaji alikuwa na ng'ombe mweupe mzee aliyekuwa anakaribia kufa kwa hiari yake, akamtoa, na kijiji kikamfidia kwa mbuzi. Akachinjwa, tukala nyama siku mbili kwa heshima ya marehemu wa ubaoni. Ngozi ikaanikwa, paja moja likakaushwa moshini, wakamngoja Bwana Afya.

Alipokuja na mapipa mapya aliwakuta wamejipanga uani, vichwa vimeinama. Wazee wanne walikuwa wameshika ngozi, kila mmoja upande wake, na wa nne alikuwa baba. Msemaji akatangaza msiba kwa Kisukuma, kirefu, akitaja maradhi, dawa zilizojaribiwa na saa ya mwisho. Bwana Afya hakuelewa neno hata moja. Alichokiona ni wazazi maskini wamemletea zawadi ya shukrani, na macho yakamlengalenga. Alipokea ngozi kwa mikono miwili.

"Umepokea?" akauliza msemaji, safari hii kwa Kiswahili.

"Nimepokea, wazee wangu. Nimepokea kwa moyo wote."

"Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia!" wakajibu wote, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele, akasahau kwamba ni msiba.

Bwana Afya akafunga ngozi vizuri, akawaita vijana wa lori washushe mapipa. Msemaji akamshika mkono kwa upole sana. "Bwana, pole," akamwambia. "Ng'ombe aliyekufa hakamuliwi." Bwana Afya akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Walibishana mpaka jua likawa kali, lakini penye wazee haliharibiki neno, na neno lao lilikuwa moja. Lori likarudi mjini na mapipa yake, ngozi na paja.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda shuleni na kikombe chake cha bati kama kawaida, akarudi nacho kikavu. Hakulia. Siku iliyofuata akaenda nacho tena. Baada ya siku chache hakuweza kwenda kabisa, akawa anakaa ukutani kivulini na kikombe mapajani. Mama hakumwambia baba kitu chochote, na kwa mama kutosema kulikuwa ndiko kusema kwenyewe. Mimi nilimchukia baba siku zile. Nilimchukia kwa ile ngozi aliyoishika kwa uangalifu, akiinyoosha isikunjamane, kama vile mtoto wake hakuwepo.

Asubuhi moja baba alinyoa ndevu, akavaa koti lake zito la kwendea mnadani, akaniita. "Twende mjini. Utanishikia Kiswahili." Hakusema tunakwenda wapi, nami sikumwuliza. Tulitembea mpaka boma la serikali, tukamkuta Bwana Afya ofisini. Ile ngozi alikuwa ameitandika chini ya meza.

Baba alipoonyeshwa kiti alikataa. Anayeomba ng'ombe hakai sawa na anayeombwa. Akachuchumaa sakafuni, kofia mkononi, miguu mbali kidogo na ngozi kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana," nikasema.

"Marahaba, binti. Mzee ana shida gani?"

"Baba anaomba umpe ng'ombe amfuge."

"Mimi sina ng'ombe."

Baba alielewa hilo bila mimi. "Mwambie yule wa unga."

Nikamwambia. Bwana Afya alitazama ngozi, akamtazama baba, akatazama tena ngozi, na nikaona taratibu inamwingia kwamba siku ile hakupewa zawadi. "Yule si alikufa?" akauliza.

"Ndiyo, yule wa ubaoni, mwenye kasoro mguu wa nyuma. Anataka mwingine."

Baba akaanza kutaja masharti, nami nikifuata nyuma kwa Kiswahili. Maziwa yatakuwa yake. Ndama watakuwa wa mwenyewe, wakati wowote mwenyewe atakapokuja. Akifa, ngozi italetwa hapa hapa. Akiibwa, atamlipa.

"Na wale wazee wengine wamekubali?" akauliza Bwana Afya.

Baba akaigeuza kofia mkononi. "Mwambie wale hawana mtoto anayekwisha."

Nilisema nikitazama sakafu, maana sikuwahi kumsikia baba akitoa maneno ya namna ile. Bwana Afya akainuka, akazunguka meza, akachuchumaa naye, soksi ndefu na yote. "Mwambie baba yako nimempa," akasema. "Mweupe. Na mwambie mguu wa nyuma huyu ni mzima." Akamwita karani wake aje kuwa shahidi, na yule karani aliitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu ambaye amekwisha zoea kazi ya serikali.

Mapipa yakarudi shuleni. Siku ya kwanza mdogo wangu alikuwa peke yake kwenye foleni, akiegemea mgongo wa mama. Lakini kijiji kilipopata habari kwamba sasa ng'ombe ana mfugaji anayejulikana, kila mtu alituma watoto. Maziwa ya jirani hayana kesi, kesi ni ya jirani. Yule msemaji alileta wajukuu wake wote, na mmoja hakuwa hata ameanza shule.

Baba naye alimfuga kweli. Jioni alipohesabu ng'ombe alisema idadi, kisha akaongeza, "Na yule." Magadi ya kulambisha ng'ombe yalipogawiwa, fungu moja liliwekwa kando. Kulikuwa na pembe ya zizi ambayo haikuruhusiwa kuchanjiwa kuni, kwa sababu yule hulala pale. Mama alimchokoza, akamwuliza kama amekwisha mnywesha, na baba akajibu kwamba yule hunywa maji mengi sana, sufuria nzima, muulizeni mwalimu. Alisema bila kucheka. Mdogo wangu alipona, akapata mashavu, akapata mdomo, na darasani akaanza kuwasahihisha walimu.

Mimi nilimaliza darasa la nne. Mvua zilikuwa zimerudi, nilikuwa mnene na mwenye afya, nimelelewa kwa maziwa ya zizi la baba. Nilikuwa wa pili katika darasa zima, na hakuna mtu aliyeniuliza nilitaka nini. Niliozwa Geita, kwa kijana aliyekuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu na ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe kuliko maneno. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wa kweli, wenye kwato na kinyesi, na baba aliwachagua mmoja mmoja kwa rangi. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Lakini nilipofungasha, kalamu yangu nilimwachia mdogo wangu, na nililia njia nzima, wala sikujificha.

Nilirudi nyumbani kumwachisha ziwa binti yangu wa kwanza. Nilimkuta mdogo wangu amefaulu kwenda shule ya kati ya bweni, na niliwakuta pia washenga. Walikuwa wametoka Nyahanga, upande wa Kahama, wametumwa na mfanyabiashara mmoja aliyetaka kumwahi kabla hajaenda bweni. Hawakuja mikono mitupu. Walikuwa wameswaga baadhi ya ng'ombe waje waonekane, na walikuwa wazuri, nikisema haki. Mmoja alikuwa na mabaka ya kahawia ambayo baba alikuwa ameyatafuta maisha yake yote. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba, ameshika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi, tukisikiliza.

Baba aliwazunguka wale ng'ombe mara mbili. Akamshika yule wa mabaka nundu. Nikamsikia akishusha pumzi.

"Ng'ombe wenu ni wazuri," akasema. "Lakini mtoto huyu si wangu."

Washenga wakadhani anapandisha mahari. Wakaongeza wawili.

"Hamkunielewa. Wangu alikuwa wa kwanza, nimekwisha mwoza. Huyu alikuwa anakufa, akanywa maziwa ya ng'ombe niliyepewa kufuga. Ng'ombe huyo hajazaa kitu kingine zaidi ya huyu. Mimi nimekula maziwa. Ndama ni wa mwenyewe, na mwenyewe hajaja."

"Mwenyewe ni nani?"

"Watu wa dunia nzima."

Wakaitwa wazee. Akaitwa msemaji, ambaye sauti yake sasa ilikuwa imechoka kidogo, na washenga wakamtegemea yeye aseme kwamba huo ni upuuzi. Asingeweza. Yeye ndiye aliyeanzisha. Alikuna kidevu, akakohoa, akasema kwamba sheria ni sheria, mfugaji hatoi ndama wa mwenzake. Washenga wakaenda mpaka mjini kumtafuta Bwana Afya atoe ruhusa. Alikuwa amehamishwa, wengine walisema Tabora, wengine Mwanza, na aliyemrithi aliwauliza ng'ombe gani. Waliporudi, baba aliwapa pole, akawapa uji. "Basi tumngoje," akasema. "Kwa sasa mtoto akae shuleni, maana ndiko ng'ombe aliko."

Wakaondoka na mifugo yao. Baba alimtazama yule wa mabaka mpaka vumbi likatua. Mpaka leo sijui kama aliamini aliyoyasema au aliyatunga, na nilipomwuliza uzeeni alinijibu kwamba swali hilo ni la mtu aliyesoma.

Mdogo wangu aliruka, akacheka, akaimba. Mimi niliketi chini na mwanangu mapajani, na nikaona moyo wangu unafurahi na kuuma kwa pamoja. Nilikuwa mtoto mzima, mwenye afya, nami nilikuwa wa baba, na wa baba huozwa.

Kesho yake nilibeba kikombe cha bati, kile kile, nikaenda shuleni wakati wa maziwa. Mdogo wangu, akingoja siku ya kwenda bweni, ndiye aliyekuwa akikoroga sufuria. Nilirudi nacho kimejaa, nikakaa uani, nikamweka mwanangu gotini. Ilikuwa masika. Zizi letu lilikuwa linafurika maziwa, vibuyu vimejaa ndani, na mwanangu alikuwa na mapaja ya kukunjana. Baba alisimama mlangoni akitutazama.

"Kwani ng'ombe wangu wamekauka?" akauliza.

"Hawajakauka, baba."

Alitazama kikombe. Akamtazama mtoto. Sikumweleza kitu, na niliogopa kwamba nikimweleza nitalia. Akaja taratibu, akachuchumaa mbele yetu na koti lake, akatia kiganja chini ya kikombe, akakiinua kidogo kidogo mpaka mtoto akamaliza.

Jioni ng'ombe walipoingia zizini nilimsikia akihesabu. Alifika mwisho, akasema, "Na yule," kisha akamgeukia mama, akamwambia kwamba yule amezaa tena.